Ngazi Kumi na Tisa

Nyumba yetu ya Mkomani ina ngazi kumi na tisa.
Miaka arubaini na tatu nimezipanda bila kuzihesabu.
Leo nazijua moja moja, kwa tabia:
ya kumi na moja, iliyomeguka ukingo, ndiyo katili.
Nashuka kinyumenyume kama mtu anayeshuka mnazi,
mikono ukutani, chokaa ikibaki viganjani.

Juzi nilikuwa mtu mzima.
Mzima kweli, isipokuwa kile kijikaratasi cha daktari
kilichoandikwa *sukari*,
na tumbo lililokuwa likinitangulia ofisini.
Nikaenda kwa Lali Shekuwe, Langoni,
kwenye ghala la zamani la mbata. Harufu bado imo.
Vyuma vyake havikutoka ng'ambo:
mikebe ya rangi iliyojazwa saruji, bomba la maji katikati,
gurudumu la mkokoteni,
na kioo cha kabati la bibi harusi fulani
kinachokuonyesha hadi mabegani tu. Afadhali.

"Chuchumaa," akasema. "Inuka. Chuchumaa."
Mara arubaini na tano. Mimi, karani wa leseni,
ninayeinuka kitini kwa ajili ya chai na kufunga ofisi.
Nilirudi nyumbani nikipiga mbinja.
Nikamwambia Somoe: kumbe rahisi!

Maumivu ni mdai mwenye adabu.
Hukupisha usiku mmoja ulale,
ndipo abishe hodi.

Alfajiri ya pili alikuja na jamaa zake wote.
Paja likakataa amri. Mkono ukagoma kufika kichwani,
ikabidi kichwa kiufuate mkono kwenye kitana.
Chooni sitaki kusema.
Nilichutama nusu, nikashika ndoo, ndoo ikaja nami.
Somoe nje ya mlango: "Humo muna mtu mmoja, au wawili?"

Msikitini nilirukuu nikaguna,
kijana wa kando akadhani ni unyenyekevu.
Sijida niliingia vizuri; kutoka ndiko kulikonishinda.
Imamu ameshainuka,
mimi bado paji liko mkekani,
na kwa mara ya kwanza tangu sijui lini
sikuwa na pa kukimbilia. Nikaomba.

Mama alinitazama nikikaa kwa awamu tatu.
"Umepijwa ni nani?"
"Nimejipiga mwenyewe, mama."
Alicheka hadi akajifuta macho kwa ncha ya leso.

Usiku Somoe akapasha mafuta ya simsim, karafuu mbili ndani,
akanikanda mapaja kwa viganja vile vile
vinavyokanda mahamri kila alfajiri.
Nikalia kidogo, wala sikuona haya.
"Nilipomzaa Mzamil," akasema, macho kwenye mafuta,
"pampu ilikuwa imekufa.
Siku ya kumi nilizipanda ngazi hizi na ndoo."
Akasita. "Hukuniuliza kitu."

Simsim ilikuwa moto. Sikujibu.
Iko misuli ambayo saruji ya Lali haikuigusa.

Leo ni siku ya tatu.
Lali ametuma salamu: usilale,
kitanda hakitibu, kitanda hugandisha.
Tembea, kunywa maji, jinyooshe polepole,
jioni njoo, tutainua kidogo tu.
Kichochoroni nilibana ukutani kumpisha mchukuzi,
kijana mwembamba, mfuko wa saruji begani,
wa tisa au wa kumi tangu asubuhi.
Hajalipa mtu ili aubebe.
Alinisalimia mimi, mgonjwa wa kuchuchumaa,
akauliza kama nahitaji msaada.

Jioni haijafika. Pampu nayo, kama kawaida yake, imekohoa ikanyamaza.
Nimeitwaa ndoo kabla Somoe hajaiona.
Moja. Mbili. Maji yanamwagika, yanarudi chini
kwa wepesi wa kunikera.
Ya kumi na moja nilipiga ukelele,
jirani akafungua dirisha, akalifunga.
Juu mlangoni nasikia kanzu ya Somoe ikisugua fremu.
Hasemi njoo, hasemi wacha.

Niko kwenye ya kumi na nne.
Naitua ndoo. Napumua.
Bado tano.